Magoti Mazima

Bunia, siku ya ine, usiku

Leo nimeshindwa kuomba. Munganga wa wachezaji wa mpira, yule tunamutafuta apasue magoti ku lopitali yetu na afundishe ku iniversite, alikuja kuona kama kazi iko. Direkta aliniita asubui, sababu ni miye ninapokea wagonjwa: «Mama Rehema, akikuta viti vitupu, hatakubali. Uvijaze.»

Basi nikaita vijana wa korali yetu ya kanisa. Nikawafunga bandaji ku magoti mazima. Mumoja akauliza: «Mama, tuchechemee kwa sauti ya kwanza ao ya pili?» Na miye nikacheka nao.

Ndipo akafika dada mumoja na fimbo, kutoka kambi ya waliokimbia vita ya Djugu. Ni mulinda goli, goti lake limevimba kama papai. Nikaangalia viti, vimejaa waimbaji. Nikaangalia nguo yake, ina matope. Nikamwambia: «Dada, urudi kesho.»

Akajibu: «Aksanti mama, Mungu akubariki.»

Kisha munganga akaingia. Akainama mbele ya kila mumoja, akawashika miguu polepole bila kufungua bandaji, akasema: «Watu wanateseka huku. Nitakuya kutumika hapa.» Lakini ndege yake inaondoka kesho asubui, na kurudi kwake ni kisha miezi mingi.

Direkta alinisifu mbele ya wote. Ninajiambia wagonjwa wa kweli watapona, ni vizuri. Lakini yule dada... hata jina sikumuuliza. Kesho atatembea tena njia yote ile, na ni miye atanikuta ku mulango.