Chembe Mbili Ambazo Hazikuonana

Jumatatu, 3 Agosti
Shifti ya asubuhi. Majani ya chai yalikuja kiwandani yamelowa, kukausha kumechukua muda. Binti yangu Akoth amefika kutoka chuo kikuu, begi limejaa vitabu. Ijumaa ya wiki ijayo anasimama mbele ya maprofesa kutetea utafiti wake. Ati atajaribia kwangu kwanza, kwa Kiswahili. Nimefurahi sana. Sikumwambia.

Jumanne, 4 Agosti
Amenieleza jikoni na maharagwe mawili. Chembe mbili za mwanga zinaweza kufungamana. Ukipima moja, majibu ya nyingine yanalingana nayo, hata ikiwa mbali. Hilo nilishika. Kisha akatupa haragwe moja motoni. Akasema kuna jaribio ambalo chembe ya kwanza inapimwa na kuisha kabla ya ile ya pili kuzaliwa. Hazijawahi kuwa duniani pamoja. Bado zinalingana.
Nikatoka kwenda kupasua kuni. Kuni zilikuwepo za kutosha.
Mama yake, Akinyi, alifariki kabla daktari hajamtoa mtoto tumboni. Miaka ishirini na sita sasa.

Jumatano, 5 Agosti
Nimemuuliza kama mtu anaweza kurudi nyuma katika wakati. Nilijifanya natania.
"Tuseme umerudi, Baba, ukarekebisha kosa. Sasa kosa halipo. Nini kitakufanya urudi kulirekebisha? Basi hutaenda. Basi kosa linabaki."
"Na hizo chembe? Ya pili haiwezi kuitumia ya kwanza habari?"
"Hapana. Zinalingana tu. Ujumbe haupiti."
Sikumaliza ugali.

Alhamisi, 6 Agosti
Naichukia hiyo fizikia. Jirani yetu Mama Chebet ameleta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kumkaribisha Akoth. Alinitazama. Ni yeye tu anajua. Siku ile Akinyi alimtuma kiwandani saa nne asubuhi, aniambie uchungu umeanza. Nikajibu wangoje nimalize shifti saa nane. Msimamizi alikuwa ameniahidi cheo. Saa nane mvua ikashuka, barabara ikawa tope, gari la kumpeleka hospitali likakwama.
Nikamwita mtoto Akoth, yaani aliyezaliwa wakati wa mvua. Siku zote nimemwambia ni mvua iliyomuua mama yake. Cheo nilipata. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimemwambia. Tulikuwa tunatoka soko la Kiptere, kila mtu na mzigo wake. Akasimama katikati ya njia. Aliuliza kitu kimoja tu.
"Alikungojea?"
Nikasema ndiyo. Mama Chebet aliporudi kutoka kiwandani alimkuta ameketi mlangoni, tayari amevaa viatu.
Akoth akatangulia. Hakugeuka.

Jumapili, 9 Agosti
Hakuja kanisani. Ameshinda kwa Mama Chebet. Nimepika, nimekula peke yangu. Nimestahili. Inauma hata hivyo.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimetoka kazini nikamkuta ameketi mezani. Macho yamevimba.
"Nimekukasirikia, Baba. Bado nimekasirika."
Nikasema najua.
"Mama Chebet amenieleza vile Mama alikuwa anatembea, vile alikuwa anagombana na watu sokoni. Nimeyasikia kwa jirani. Wewe ulinyamaza kumhusu miaka yote hiyo."
Nikavuta kiti nikaketi.
"Ya siku ile huwezi kurudi kuyarekebisha. Haya ya kunyamaza unaweza. Hayo hayahitaji kurudi popote."
Nililia mbele ya mtoto wangu. Akanipa kitambaa cha vyombo. Hakunikumbatia. Lakini hakuondoka.

Jumatano, 12 Agosti
Amerudi chuoni. Nimemsindikiza hadi barabarani. Nyumba imekuwa kubwa.

Ijumaa, 14 Agosti
Sijakaa vizuri mchana kutwa. Nimesahau chakula changu kiwandani. Saa kumi akapiga simu. Amepita.
Nikampongeza. Nilidhani atakata. Akauliza kama nina nafasi. Nikakaa kwenye ngazi na kumweleza jinsi mama yake alivyoogopa kuku, na jinsi alivyokuwa akiimba kwaya kanisani akibadilisha maneno makusudi ili nicheke nitolewe nje. Akoth alicheka hadi akakohoa.
Nimetamka jina la Akinyi mara nyingi leo. Sikujua bado linanitoka vizuri.