Kaseti ya Pili Haipo

Kasulu,
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu mpenzi Mama Stefano,

Mwakeye. Bwana asifiwe. Hamjambo hapo Busunzu? Mgongo wa mama umepoa? Na mihogo je, nguruwe pori wametuachia chochote? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Kazi ya madirisha inaendelea, ila fundi mkuu hataki mtu aondoke kabla hatujamaliza, na kwa mvua hizi magari yenyewe yanapita kwa shida. Ndiyo maana hujaniona.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Unasema tangu niondoke kuna mtu anatembea nyuma ya nyumba jioni ukishafunga mlango, na kwamba mvua ilipokatika uliona nyayo karibu na jiko. Ulipomweleza kaka yangu Zabroni akacheka, akasema mwanamke akibaki peke yake husikia mengi. Nawe unaniuliza kama mimi, mumeo, naona hivyo hivyo. Nitakujibu, lakini kwanza nikusimulie jambo la jana.

Usishtuke ukiambiwa nimeonekana kwenye chumba cha video. Ni kweli niliingia, na mchungaji nimeshamwambia mwenyewe. Kuna mjane mmoja wa Kongo, Mama Furaha, ana chumba cha kuonyeshea video karibu na soko. Mabenchi yake nimetengeneza mimi, basi jana mchana akanikaribisha nami niyakalie. Nikachagua la nyuma, karibu na mlango, ili nikiona mambo ya aibu nitoke.

Sikutoka. Ilikuwa filamu ya Kizungu, na mtafsiri alikuwa akituelezea kwa Kiswahili. Hakuna jini wala damu. Ni mwanamke tu na mtoto wake, mumewe yuko kazini mbali, naye anasikia hatua ndani ya nyumba. Anamwambia shemeji yake, anamwambia daktari, wote wanambembeleza kama mtoto. Mwisho akaanza kujiogopa mwenyewe. Anafunga mlango, anarudi kuutazama, hajui tena kama aliufunga. Halafu tukaona nyayo za matope jikoni kwake. Tuliziona sote. Hapo, Mama Stefano, nikakukumbuka wewe. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Manyovu, muuza vitenge, akawa anamwambia yule mama wa kwenye televisheni, taratibu kabisa, "Toka humo, dada. Beba mtoto utoke." Wala hakuna aliyemcheka.

Basi tukangoja tuonyeshwe mwenye nyayo. Wapi! Yule mama anaamka hospitalini, daktari anatabasamu, anamwambia hapakuwa na mtu, yote yalikuwa kichwani mwake. Mara majina yakaanza kupanda. Imekwisha.

Watu hawakuinuka. Filamu za Kihindi huja kaseti mbili, kwa hiyo wakaamini Mama Furaha ameificha ya pili ili kesho walipe tena. Kelele zikaanza, mabenchi yakagongwa. Yeye akasimama mbele ya deki yake akasema, "Wababa, kaseti iko moja tu. Ingine sina."

Yule mzee akamuuliza, "Kama imekwisha, mama, yale matope ni ya nani?"

Akaitoa kaseti kwenye deki, akamwonyesha. Filamu hakuitengeneza yeye. Nikaona wakiendelea hivi watamvunjia chumba, nikasimama. Nikawaambia, "Mama hajaficha kitu. Waliotunga ndio walioshindwa. Wametuonyesha nyayo, halafu wanatuambia hatukuziona."

Mzee akasema, "Haya, fundi wa mabenchi ametoa hukumu," watu wakacheka, wakatoka wakinung'unika njia nzima.

Nami nikatoka na jibu lako. Sioni kama anavyoona kaka. Matope lazima yawe na mwenyewe. Wewe ndiye uliyesikia mbuzi wa jirani wakiibwa wakati sisi wanaume tunakoroma, leo uanze kusikia vitu visivyokuwepo? Anayekuletea barua hii ni mzee wa kanisa wa hapa, anakuja huko kuzika. Nimempa na komeo la mninga, nimelichonga mwenyewe. Mdogo wangu Yona alifunge kwenye mlango wa nyuma, kwa ndani, na awe analala chumba cha nje mpaka nije. Kaka nimemwandikia barua yake, kwa heshima, lakini nimemwandikia. Mvua ikinyesha tena ukaona nyayo, usizifagie. Mwite kaka aje asimame juu yake azitazame kwa macho yake.

Msalimie mama, mwambie dawa ya kuchua nitakuja nayo. Wasalimie watoto, na akina mama wa kwaya wanaokuja kusali nawe, Mungu awabariki. Usiku nakutaja kwa Bwana kabla ya jina langu.

Nijibu upesi, uniambie kama komeo limefungwa na kama hatua bado unazisikia.

Mumeo,
Baba Stefano