Nyota Nilizoshindwa Kuziona

Bandarini Durban

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Goti la mama linaendeleaje? Miwa ya Kidodi nadhani mmeshaanza kuibeba.

Mimi mwili mzima, ila macho. Meli ina mitambo ya kuonyesha tulipo, lakini nahodha anataka tunaojifunza uofisa tujue pia kupima nyota, mitambo isije ikafa tukabaki tunashangaa. Nyota hupimwa jua likishazama, wakati mstari wa bahari na mbingu bado unaonekana. Kabla yake taa huzimwa ili macho yazoee giza.

Wenzangu walizitaja nyota moja moja. Mimi niliona mbili, zile kubwa.

"Usiikodolee macho," nahodha akaniambia. "Tazama pembeni yake kidogo, itatokea."

Nikatazama pembeni. Haikutokea. Kisha nikajigonga kwenye ngazi ya chuma ambayo wenzangu wote waliiona. Nahodha akaniuliza, "Nimenyoosha vidole vingapi?" Sikujua hata kama ameinua mkono.

Tulipotia nanga hapa akanipeleka kwa daktari wa macho. Mchana naona vizuri. Sehemu ya jicho inayoona gizani ndiyo inayokufa, polepole, na dawa hakuna. Zamu za usiku nimeondolewa, na bila hizo hakuna uofisa, kwa hiyo mwezi ujao narudi. Nililia siku moja, nikanyamaza.

Daktari aliuliza, "Kwenu nani mwingine?" Akasema ugonjwa huu hurithiwa. Nikamkumbuka marehemu baba akianguka mtaroni jioni, akitoka shambani Kisanga, watu wakisema amelewa. Nikakukumbuka na wewe, ulivyokuwa ukinishika gauni tukirudi na maji giza likiingia. Ulisema unaogopa nyoka.

Kaka, unaendesha lori la miwa usiku. Acha kwanza. Mwombe bosi zamu ya mchana, uende Morogoro ukapimwe. Akikataa, shuka. Najua una watoto wa kulisha, lakini barabarani kuna watoto wa watu pia.

Nisalimie wifi, shangazi wa Magole, na mama mkubwa aliyenilea Kilosa nilipokuwa nasoma.

Mama mfuate mwenyewe huko Mikumi, umkalishe, umsomee haya. Yeye na baba waligombana miaka yote kwa pombe ambayo baba aliapa hajaionja. Alikuwa anasema kweli.

Mdogo wako,
Zawadi