Wadudu Walioula Mguu Wangu Wameliwa

Mpwa wangu Upendo,

Kamwene! Mmeamkaje Makambako na baridi hiyo? Mama yako kifua kimeachia? Mimi huku Jojia, nchi jirani na Urusi, nimesimama kwa miguu miwili, napakia maboksi ya matunda kuliko vijana wao watatu.

Barua yako imenichekesha mpaka nikakaa chini. Yaani Mligo, msimamizi wetu wa kiwanda cha mbao, kachanwa mkono na msumeno, usaha mwezi wa pili huu, na anamwagia unga wa vidonge vya rangi mbili! Acha amwagie. Si ndiye aliyenichongea gongo la kutembelea la paina mguu wangu ukiwa bado upo, akalitundika ukutani? "Mwalongo akikatwa tu, lake hili hapa!"

Kweli, hata mimi kidonda changu cha mguuni nilikimwagia rangi mbili. Nyingine nikimeza, maumivu yakipungua naacha. Daktari wa huku, mama mmoja mkali, akasema ndivyo nilivyowazoesha bakteria dawa. Sindano zote zikagonga mwamba, wenzake wakataka kukata. Yeye akachukua usaha wangu, akatafuta virusi wanaokula bakteria. Wanawatoa kwenye maji machafu ya mtaro, na kila kirusi ana bakteria wake anayemweza. Wa kwanza akashindwa. Wa pili akashindwa. Nikamwambia, "Mama, hao wametoka Njombe, usiwachukulie poa."

Wa tatu akawaweza. Nikaonyeshwa kisahani: bakteria wametanda kama ukungu, halafu matundu matundu, pale walipoliwa. Nikawainamia, nikawatukana kwa Kibena robo saa nzima. Manesi wakadhani nasali! Basi nikawa namwagiwa hao virusi kidondani kila siku, mpaka nyama ikafunga.

Sasa Mligo huko nani atamtafutia virusi? Furaha hiyo nimelala nayo siku tatu. Ya nne ikanichachia.

Nenda kwake leo. Mwambie aache huo unga, aende hospitali kubwa, usaha upimwe, na dozi aimalize hata asiposikia maumivu. Kwamba nimepona, usimwambie. Nataka nimkute na mikono yote miwili. Nikimpiga mwenye mkono mmoja, Makambako nzima itamwonea huruma yeye.

Nisalimie dada yangu, mama yako. Bibi yako wa Mdandu. Na mwinjilisti aliyeniombea. Mligo usimpe salamu. Mpe maagizo tu, na usiondoke mpaka umwone ameingia kwenye gari.

Mjomba wako mwenye miguu yake,
Kastory Mwalongo