Gari Linalonyamaza Mbele ya Mafundi

Jumapili, 2 Machi

Limerudia! Gari halijamaliza hata mwaka tangu litoke dukani. Shokamzoba zimeshabadilishwa, giaboksi imeshafunguliwa, na bado. Leo tulikuwa tunarudi kutoka kwa wifi, gari limejaa. Tulipofika kilima cha shule — gong! gong! — huko nyuma, gari zima likatetemeka, gia ikagoma kuingia. Mama mkwe akauliza kama ile leseni niliipata kwa mtihani au kwa huruma. Mume wangu akacheka! Nimenuna hadi nyumbani.

Waranti inaisha Jumamosi. Baada ya hapo kila kitakachokufa ni juu yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipeleka tena kwenye karakana ya hao walioniuzia. Kama kawaida yangu, kwanza nimeliosha, nikatoa kila kitu ndani — kiti cha mtoto, madumu, hata mazulia. Sipeleki gari chafu kwa watu, nina aibu zangu. Fundi mkuu akazunguka nalo peke yake, akarudi anapiga mluzi. Halina kitu, dada. Meneja, na tai yake, akaniuliza kwa upole kama huwa nakanyaga klachi mpaka mwisho.

Kwa upole! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 5 Machi

Sitaki kuongea na mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua! Nimejua!

Asubuhi nimepanda kilima peke yangu: kimya. Mchana nikawachukua mama mkwe na dada zake wawili, wote watu wa miili yao. Gong! Nimewashusha getini, nikazunguka tena. Kimya. Narudi kumwambia limenyamaza, mama mkwe bado amesimama pale pale, mkono kiunoni. "Hebu subiri, mwanangu. Tukipanda linalia, tukishuka linanyamaza. Kwani linatuogopa?"

Uzito! Mimi miezi yote hii nawapelekea mafundi gari tupu, linang'aa, halafu nashangaa halilii. Hawajawahi kulipanda likiwa na watu. Nimemkumbatia mama mkwe hadharani, majirani wanatazama. Kasema kesho anakuja, na dada zake pia. Nampenda mwanamke huyu, sikujua.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa kwenye usukani, katikati ya kilima cha shule. Hatujasogea.

Tumefika karakana kina mama watatu wamebanana nyuma, gari halijaoshwa. Fundi mkuu akasema hana nafasi. Nikamtaka meneja mwenyewe. Akaanza kujiumauma, mama mkwe akashusha kioo. "Panda, baba. Hatukuli." Akapanda mbele, kafunga mkanda, katabasamu.

Tuta la kwanza, gong! Nyuma vigelegele! Tuta la pili, meneja kashika mlango kwa mikono miwili. Kilimani gari likatetemeka, gia ikagoma, harufu ya kuungua ikajaa. Klachi nimekanyaga mpaka mwisho, nikamwambia atazame mguu wangu. Akatazama. Sijawahi kuharibikiwa na gari nikafurahi hivi!

Sasa yuko nje, tai imelala begani, anapiga simu karakana kwake. Namsikia vizuri. Anawaambia gari limekufa, yeye mwenyewe alikuwa ndani, walete gari la kulivuta leo hii. Anasikiliza. Anawaambia tena, sauti imepanda, kwamba waranti inaisha kesho.

Amekata simu. Mama mkwe kamuuliza wamesemaje.

Wamemwambia alilete Jumatatu.