Duka la Mahoko Halitaki Kufa

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia, nimetia cherehani mafuta. Mteja mmoja tu, zipu ya suruali. Ng'ambo ya barabara, kwa Vestine, foleni tangu asubuhi. Alianza kushona juzi juzi. Mimi nashona tangu Kigoma, kabla wazazi hawajaturudisha huku Rwanda, hapa Gisenyi. Wateja wanapita mbele ya mlango wangu kwenda kwake. Wananisalimia, tena kwa heshima. Bora wasinisalimie.

Jumatano, 6 Agosti
Shule ya kilimani inatafuta fundi wa sare za mwaka mpya wa masomo, Septemba. Mhasibu wao amekuja mwenyewe. Akagusa mishono yangu, akaipenda. Kisha akaomba cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi.
Nimekimbilia ofisi ya kodi. Binti wa dirishani akaangalia kompyuta.
"Mama, duka lako la Mahoko halijatangaza mauzo."
Nikamwambia nililifunga zamani, siku hizi mle wanauza viazi.
"Kwenye mfumo liko wazi."
Basi mfumo ukashone. Sikusema hivyo. Nimesema asante. Anataka barua ya sekta, ofisi ya serikali kule Mahoko, kwamba duka limefungwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekwenda Mahoko. Katibu wa sekta yuko mkutanoni. Nimerudi mikono mitupu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mahoko tena. Barua nimepata. Ofisi ya kodi wameikataa, haina muhuri.

Jumanne, 12 Agosti
Muhuri upo. Mtandao haupo. Njoo kesho, mama.
Niliporudi nikaona pikipiki zinashusha marobota kwa Vestine. Kitambaa cha bluu, cha shule. Kazi amepata yeye. Cheti chake cha kodi amekitundika ukutani kama picha ya harusi.
Nina wivu. Naandika hivyo hivyo, wivu. Chakula kimenishinda.

Jumatano, 13 Agosti
Barua hatimaye wameipokea. Nisubiri simu.
Mhasibu wa shule amepita dukani kwangu kunipa pole. Nikamwambia Vestine hatoi risiti. Uongo. Ulitoka wenyewe, mtamu kama asali.

Jumamosi, 16 Agosti
Vestine amevuka barabara. Nilidhani anakuja kunipiga. Akakaa kwenye kiti cha wateja.
"Mhasibu ameniambia ile maneno yako. Nikamuonyesha risiti zote, donc, basi, imeisha."
Nikaendelea kukunja kitambaa.
"Dada, kazi iko mingi. Shule iko karibu kufungua, mi peke yangu sitaweza. Tugawe."
Nikamuuliza kwa nini anakuja kwangu, baada ya niliyosema.
"Mafundi wengine wote nimeshauliza."
Hakucheka. Nimekubali. Msamaha sikuomba. Ulimi uliokuwa mwepesi kwa mhasibu leo umekuwa jiwe.

Jumatatu, 25 Agosti
Nashona mpaka mgongo unawaka. Ndani ya kila kola kuna kitambaa kidogo chenye jina la Vestine. Nakishona kwa mkono wangu, jina lake, tena na tena. Dawa chungu.
Ofisi ya kodi wamepiga simu. Duka la Mahoko limefungwa kwenye mfumo. Faini ya kutotangaza mauzo inabaki. Nikitaka nisamehewe, niandike barua nyingine.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimempelekea Vestine sare za mwisho. Wateja walikuwepo, nikasema mbele yao.
"Nilikusingizia. Nisamehe."
"Sawa," akasema, akaendelea kukagua vifungo. Kimoja kilikuwa kimelegea. Akanirudishia shati.
Nilitaka kukasirika. Nikakaa hapo hapo kwake, nikakikaza.

Jumatatu, 8 Septemba
Manyunyu asubuhi. Watoto wamepita kwenda shule, wote bluu. Nilisimama mlangoni nizitambue sare zangu. Mkono wangu naujua, nilijiambia.
Likapita kundi la kwanza, likapita la pili. Sikuweza kuzitofautisha.
Anashona vizuri, Vestine. Imeniuma kidogo.
Naye alikuwa mlangoni kwake, shingo ameinyoosha, anatafuta zake. Tukatazamana. Kisha kila mmoja akaingia ndani. Nimewasha pasi.