Baba, Niliiacha kwenye Arobaini

Baba yangu,

Tangu nimalize shule niko kwenye gereji yako hapa Emali. Fundi Mutiso, mwenzako, alinipokea kwa kuwa mimi ni wako. Mafundi wengine hurefusha spana kwa bomba na kukaza mpaka nati ikatae, huku wakinitania, "Kasichana, hiyo spana yako inangoja ruhusa ya nani?"

Ni ile spana yako ya kipimo, inayolia nati ikifikia nguvu ya namba iliyowekwa. Unakumbuka likizo ile uliponiachia nifunge kichwa cha injini? Kila bolti ikilia "ka!" nilivuta tena na tena ili niwe na uhakika, mpaka moja ikakatika. Uliniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba chetu, kama kawaida, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Mwaitu, ikilia mara moja, acha. Hiyo unayoongeza ni woga, haiko kwenye kitabu." Kisha ukamwambia mwenye gari, "Nimeikata mimi." Nilijificha nyuma ya mlango.

Jumanne nilikosea tena. Nilikuwa nimeiweka spana kwenye arobaini kwa kazi ya asubuhi. Ikaja pikapu ya mama mmoja anayeuza ndengu, nikafunga nati za gurudumu bila kubadilisha namba. Zilitaka mia na ishirini. Kila moja ililia vizuri, nikaridhika. Nilipotaka kuishusha spana hadi namba ya chini ili niiweke kwenye sanduku, ndipo nikaona bado iko kwenye arobaini. Gari lilikuwa limeshaondoka kwenda Mukuyuni.

Nilisimama tu, Baba. Nikajiambia, labda hazitalegea. Halafu nikamwambia Mutiso mbele ya wote. Alimpigia yule mama simu asimame, nami nikapanda bodaboda.

Nilimkuta ameketi kwenye jiwe kando ya barabara. Nati mbili zilikuwa zimeanza kulegea. Nikazifunga zote kwa kupishana, taratibu, mlio mmoja kila moja.

"Nani alifunga hizi?"

"Ni mimi."

Aliniangalia. "Nina watoto wawili humo ndani," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mutiso hajanifukuza. Jioni Mama aliuliza kazi ilikuwaje, nikasema nzuri. Hakuna mwingine pale nyumbani wa kuelewa mia na ishirini. Wewe ulifunga nati za magari miaka yote hiyo, yakaenda na watu ndani. Sikuwahi kukuuliza kama usiku ulikuwa ukilala.

Pumzika kwa amani.

Binti yako